Goti Lililosingiziwa

Kijiwe cha kahawa cha Mohamedi, pale Dunda, kina utaratibu usiobadilika. Baada ya swala ya Alasiri hufika kwanza Najim wa bajaji, kisha Abdulnasir, fundi bomba, kisha mwalimu mstaafu Mikdad, aliyepachikwa jina la Profesa. Wa mwisho ni Mzee Kibwana, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi miaka thelathini. Siku hiyo, kutoka msikitini hadi benchini, hatua mia moja tu, Kibwana alisimama mara tatu akijifanya anasalimia watu. Alipoketi, kifua chake kilipiga mluzi, na wenzake wakaanza kumjadili kana kwamba hayupo.

— Pumu hiyo, alisema Najim.

— Si jana ulimpulizia dawa yako ya pumu mara mbili? aliuliza Abdulnasir. Mluzi ulikoma?

— Wapi.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Profesa. Ni ile kanzu ya nailoni, inambana mbavu.

— Profesa, leo kavaa shati, alisema Najim.

— Basi ni chumvi. Imemganda mapafuni, na chumvi mnaijua, huvuta maji.

Kibwana alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

— Mnahangaika bure, alisema Abdulnasir. Pampu ya kuondoa maji ya udhu msikitini ilipochoka, maji yalikwenda wapi? Yalirudi nyuma, ukuta ukavimba. Mzee naye pampu yake imechoka. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo ya akiba, fundi, alisema Profesa. Na mtu si mtaro wa msikiti.

Walikuwa bado wanacheka alipopita Hajra, binti wa jirani, tabibu wa zahanati huko Lugoba, aliyekuja kumwona mama yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba Kibwana, nasikia siku hizi unasali kwenye kiti.

— Goti, mwanangu. Uzee.

— Ukiinama kusujudu, kinachokukatiza ni goti au pumzi?

Miezi miwili wenzake walikuwa wamesali bega kwa bega naye, na hakuna aliyemwuliza. Kibwana alilitazama goti lake, zima kabisa, alilolisingizia muda wote huo. Alikumbuka paji la uso likigusa mkeka na kifua kikijaa kama cha mtu anayezama. Alikumbuka pia alivyomwambia mkewe kwamba analala ameketi kwa sababu ya joto.

— Pumzi, alisema.

Hajra aliomba ruhusa, akachuchumaa, akambonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, kisha akakiondoa. Shimo likabaki.

— Subhanallah, alinong'ona Profesa.

— Hospitali watapima, lakini nahofia moyo. Ukishindwa kusukuma, damu hupanga foleni nyuma yake mpaka mapafuni. Maji huvujia humo, kama hapa mguuni, njia za hewa huvimba na kuwa nyembamba, ndipo zinapiga mluzi kama pumu. Ukiinama au ukilala, huzidi. Twende sasa, tusingoje kesho.

Abdulnasir hakutamba. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Kibwana naye aliona mshangao umeitangulia hofu: miaka thelathini alifungua na kuziba njia za maji ya chumvi, na hakujua kwamba zimo nyingine kifuani mwake, zikimsubiri fundi.

Najim alikwisha kuwasha bajaji. Walipomwinua mzee, Profesa alifungua kinywa atoe methali, akakifunga. Wote walikuwa wanautazama mguu ule. Shimo la kidole lilikuwa bado halijajaa.