Karatasi Niliyoituma kwa Mkono Wangu

Poleni na joto, ndugu zangu. Naona wengine mnajipepea na makabrasha mliyopewa pale mlangoni. Jipepeeni tu, leo ndiyo kazi yake. Mwenyekiti ameniomba niongee na nyie wa vikundi vipya, wa Temeke, wa Pugu na wenzetu wa Mbezi, kabla hamjaanza kushirikiana na watu wa ng'ambo ya mpaka. Nimemwambia nitaongea nikiwa nimekaa, maana habari hii ni ndefu na nyonga zangu ni za kizee. Sitataja jina la mtu. Nchi yenyewe nayo siitaji, na anayeijua aniwekee siri.

Mie nilikuwa katibu wa kikundi chetu hapa Goba. Kabla ya hapo nilikuwa karani ofisi za serikali mpaka nikastaafu, na nawaambia bila haya, nilikuwaga na kiburi cha mafaili. Ukitaka barua ya miaka mitatu nyuma, kwangu unaipata kabla chai haijapoa. Watu walikuwa wananisifia, na mie nilikuwa napenda kusifiwa. Cheka tu, mama, ni kweli.

Kikundi chetu kinashughulika na mabinti wanaoahidiwa kazi za ndani nchi za mbali. Wanashuka pale stendi ya Mbezi Luis na begi moja, wanapokelewa na mtu wasiyemjua, na baada ya hapo simu zao hazipatikani tena. Tulihangaika nao peke yetu kwa muda mrefu. Halafu jumuiya yetu ya kanda ikaleta mpango kwamba vikundi vya raia kutoka nchi wanachama vishikane na vikundi vya nchi jirani ambazo si wanachama. Sie tukafurahi, kwa sababu mabinti wengi wanatokea huko huko kwa majirani, na wanaowachukua hawajali jumuiya inaishia wapi.

Tukaandaa semina ya siku mbili kwenye ukumbi huu huu, tukaalika wenzetu wanane kutoka kule. Kati yao alikuwepo mama mmoja anayeongoza kikundi kwenye mji wake. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya habari za mawakala wanaochukua mabinti. Nitamwita mgeni. Kiswahili hakijui, kwa hiyo alikaa na mkalimani wetu, binti wa Pugu aliyekulia kule kwao mgeni kwa sababu baba yake alifanya kazi huko.

Sasa nyie mnazijua semina zetu. Unaweza kukosa maji ya kunywa, unaweza kukosa hata mtoa mada, lakini karatasi ya mahudhurio haikosekani! Jina kamili, mtaa, namba ya simu, sahihi. Halafu mwisho picha ya pamoja. Ilipomfikia mgeni, akaishika kalamu bila kuandika. Akauliza kupitia kwa mkalimani, "Lazima niandike na mtaa ninaokaa?"

Nikajibu, tena kwa sauti ya ofisini, "Mwambie hiyo sehemu haiachwi wazi."

Akaandika, polepole sana.

Siku mbili baada ya wageni kuondoka, nikapigiwa simu na mwanaume mmoja. Sauti ya upole, Kiswahili safi. "Shikamoo mama katibu," akasema. Alijitambulisha kuwa ni wa sekretarieti ya mpango, anaandaa ripoti. Alijua mada tulizofundisha. Alijua siku ya pili tulikula pilau. Alijua mwenyekiti alisahau miwani yake mezani tukaanza kuitafuta wote. Akaomba nimtumie karatasi ya mahudhurio na ile picha ya pamoja, na majina niyapange kufuatana na watu walivyosimama.

Ningeweza kumuuliza mwenyekiti. Ningeweza kupiga sekretarieti. Lakini mie nilitaka kuonekana mwepesi wa kazi, basi. Dakika ishirini hazikuisha nilikuwa nimeshatuma. Akanijibu, "Mama, ofisi zote zingekuwa na mtu kama wewe." Na mie nikatabasamu, mjinga mkubwa.

Wiki ikapita. Siku moja asubuhi mkalimani akaja mbio ofisini kwetu, anatoka jasho, ana ujumbe wa sauti kutoka kwa mgeni. Akautafsiri huku analia. Watu wanne walifika nyumbani kwake. Walikuwa na karatasi, wakasoma majina ya wale wanane mmoja mmoja. Walikuwa na picha, wakamwekea mama yake mzazi usoni wakamtaka aseme binti yake huyu yuko wapi. Yule bibi alikataa. Wakamvunja mkono. Mgeni alikuwa nyuma ya nyumba anaanua nguo, akasikia, akaruka uzio na kanga moja.

Niliposikia karatasi na picha, nilijua. Nikatoka nje kana kwamba naenda msalani, nikapiga sekretarieti. Dada wa pale akaniambia, "Mama, hatuna mtu wa jina hilo. Na sie hatujaomba mahudhurio."

Hapo ningerudi ndani nikasema, mambo yangeenda vingine. Sikurudi kusema. Nilirudi nikakaa, nikasema, "Jamani, ni nani amefanya hivi?" Kwa mdomo huu huu.

Na jioni ile yule mwanaume akanipigia tena. Hakunitisha hata kidogo. Alisema, "Asante mama kwa ushirikiano. Na hongera, geti limependeza lilivyopakwa rangi." Geti langu lilipakwa rangi siku ya Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Tangu hapo nikawa silali vizuri, chakula hakipiti, mlango nafunga mara tatu. Kila anayenisalimia njiani namwangalia mikono. Nilijiambia ninanyamaza kwa sababu ya woga. Uongo mtupu. Woga ulikuwepo, lakini nilichoona aibu zaidi ni watu kujua kwamba katibu hodari ndiye aliyewauza wenzake kwa kusifiwa.

Kwenye kikundi watu wakaanza kumtafuta mchawi. Macho yakaenda kwa mkalimani. Si ndiye anayejua lugha yao? Si amekulia huko? Si ana namba zao zote? Wakamnyamazia. Akiingia, mazungumzo yanakatika. Mwishowe akaandikiwa barua ya kusimamishwa. Na nani anaandika barua kwenye kikundi? Katibu! Niliiandika mie, nikaipiga muhuri, nikamkabidhi. Akaisoma, akaniuliza, "Mama, na wewe unaamini?" Nikamwambia hayo ni maamuzi ya kikao.

Nipeni maji kidogo.

Wiki tatu tangu ule ujumbe zikapita hivyo. Mgeni alikuwa amefichwa na kikundi kingine, upande wa kwao, mji wa karibu na mpaka. Nyumba aliyomo aliijua mwenyekiti peke yake. Siku moja saa nne asubuhi mwenyekiti akatuita hapa ukumbini, ana furaha. Akasema, "Mungu amejibu. Kuna ndugu wa sekretarieti amenitafuta. Wanataka kupeleka gari limtoe mgeni, limlete mpaka hapa. Mji nimeshamtajia. Anapiga sasa hivi nimpe nyumba."

Nikauliza, "Anaongeaje huyo ndugu?"

"Mpole mno. Kaniamkia."

Kabla sijasema neno, simu ikaita pale mezani. Nikaiona namba. Namba ile nilikuwa naijua kuliko ya mwanangu. Mwenyekiti akanyoosha mkono apokee, na mie, mzee mzima na nyonga zangu hizi, nikapiga kiti teke nikaikamata ile simu nikaikumbatia kifuani.

"Usipokee! Si wa sekretarieti! Ni mimi! Mie ndiye niliyempa karatasi!"

Simu inaita kifuani mwangu, watu wananitazama. Iliita mpaka ikakata. Ikaita tena. Nikawaambia yote, na pilau, na miwani, na geti; aliyajuaje hayo, mpaka leo hatujui. Na barua ya mkalimani. Mama mmoja alitema mate chini akatoka nje, na alikuwa na haki. Mwenyekiti hakunigombeza. Aliniangalia tu, akasema, "Wiki tatu, katibu?" Halafu akachukua simu ya mtu mwingine akawapigia wanaomficha mgeni, wamhamishe saa hiyo hiyo.

Gari lilifika kweli kwenye ule mji, kama alivyoahidi. Lilizunguka siku mbili, mtaa kwa mtaa, wanauliza kwa upole, wana picha.

Waliomtoa mgeni ni wanawake wa vikundi vya pande zote mbili za mpaka, wanaouza vitenge na dagaa. Kila mmoja alimjua mwenzake wa mbele tu. Hakuna aliyeandika kitu, hakuna aliyepiga picha. Siku kumi na moja hatukujua yuko hai au la. Siku ya kumi na mbili akashuka pale Mbezi Luis.

Nilikwenda kumpokea. Nilikuwa nimeshaenda Pugu kwa mkalimani, nimeomba radhi mbele ya mama yake, na nikamwomba aje stendi, kwa sababu bila yeye nitaongeaje? Alikuja, ila njia nzima hakunisemesha. Mgeni aliposhuka, amekonda, nikapiga magoti pale pale penye watu. Nikasema, "Ni mimi niliyekuuza. Nisamehe." Mkalimani akatafsiri.

Mgeni akajibu maneno mengi, taratibu, bila kupandisha sauti. Nikamuuliza, "Anasemaje?"

Akasema, "Anasema amechoka. Anataka kuoga."

Jibu lilikuwa refu kuliko hilo, ndugu zangu. Mie si mtoto. Sijauliza tena.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wale kina mama wa mpakani ambao hata sura zao sizijui, na ni vizuri nisizijue. Namshukuru mwenyekiti, ambaye aliniondoa ukatibu lakini hakunifukuza. Mkalimani yuko kazini tena, na ananisalimia. Yule bibi, mama yake mgeni, mkono umeunga, ingawa haukunyooka.

Mafunzo ya kutunza siri mtapewa mchana na wanaojua kuliko mie. Langu ni moja. Utakosea, kwa sababu ni binadamu. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hujakaa kitini. Aibu itakuumiza, lakini itakuumiza peke yako. Mie nilikaa nayo wiki tatu, na wiki tatu hizo wale watu walikuwa wanaendelea kusoma majina.

Kwa sababu wageni walikuwa wanane, ndugu zangu. Sita, pamoja na mgeni, tumewapata, wamehama, wapo salama. Wawili bado. Nawapigia kila Jumamosi. Simu hazijazimwa. Zinaita vizuri kabisa, mara tatu, mara nne, halafu kuna mtu anazikata.