Salina Chesang na Kuku Elfu Kumi na Nane wa Rhonda

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Salina Chesang atafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Amelitumikia taifa miaka thelathini na mmoja: kwanza akiwa karani katika ofisi ya biashara ya wilaya, kisha afisa wa nyanjani wa Mfuko wetu wa Mtaji wa Biashara Ndogo na za Kati, hapa Nakuru. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu tumegawana ofisi miaka kumi na mitatu. Ninayo sababu nyingine, nayo nitaifikia.

Kwanza tabia zake. Bi. Chesang hanywi chai ya mwombaji kabla ya kuiona kazi yake. Kwetu, kukataa chai ya mwenye nyumba ni jambo la kuulizwa na wazee, na wengi walidhani ana maringo. Lakini akishaona cherehani inazunguka au ng'ombe anakamwa, ataketi na kumaliza vikombe viwili, na ndizi akipewa.

Siku moja gari la ofisi lilizama kwenye matope ya Mau Narok, likavutwa na trekta ya mkulima wa viazi, Bwana Kipkemoi. Wiki iliyofuata faili la Kipkemoi, la kuomba mtaji, lilifika mezani kwake. Alilinyanyua, akalileta kwangu, akasema hawezi kumpima mtu aliyemtoa matopeni. Kipkemoi alifaulu. Nilihakikisha mara tatu, maana nilijua nitaulizwa.

Sasa niwaeleze habari za mwaka 2019, ambazo wengi wenu mmezisikia nusunusu.

Mwaka uliotangulia, kikundi kimoja cha Bahati kilipata mtaji wa kufuga kuku wa mayai. Habari zikafika mtaa wa Rhonda, hapa mjini, kwamba serikali inapenda kuku. Muiruri, mwenye saiba, duka la kompyuta na uchapaji, karibu na soko, akapata nakala ya ombi lile, akawa anabadilisha jina na namba ya simu kisha anachapa. Tukapokea maombi thelathini na sita kutoka Rhonda, kila moja likitaka kuku mia tano. Matatu kati yake hata hayakubadilishwa jina la mwenyekiti.

Tulicheka hadi machozi. Kisha nikafanya kazi yangu. Mimi ndiye mkaguzi wa maombi, na kanuni ilisema wazi kuwa ombi la kunakili ni udanganyifu. Niliandika "likataliwe" mara thelathini na sita, nikaenda kula.

Bi. Chesang hakula. Aliomba ruhusa ya kwenda Rhonda, akanyimwa. Akachukua siku zake za likizo, akaenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Katika kuku wote elfu kumi na nane alimkuta mmoja tu, naye alikuwa akisubiri mgeni wa Jumapili. Lakini alimkuta Kipyegon akichomelea mageti kando ya barabara, oda zikiwa zimemzidi. Alimkuta Nyakio na cherehani mbili, akishona sare za shule tatu. Alimkuta Kui, muuza chipsi, akamuuliza kwa nini aliandika kuku ilhali foleni yake inafika barabarani.

"Madam, si mnataka kuku?" Kui akamjibu. "Nani wa serikali atapea mtu pesa juu ya chipo?"

Nimelifikiria swali hilo miaka sita. Fomu zetu huandikwa mbali na Rhonda, na huuliza ramani ya ploti na hati ya jengo. Mtu anayefanya kazi kwenye kibaraza cha mwenzake akizisoma anaelewa kwamba kazi yake haihesabiki, basi anatafuta ile tunayoihesabu. Maombi yale yalikuwa ya uongo, na biashara zilikuwa za kweli.

Bi. Chesang aliwaketisha wote katika ukumbi wa kanisa, wakaandika upya kazi zao wenyewe, kisha akayaleta maombi mapya juu ya yale niliyokataa. Kanuni haikumruhusu. Akaandikiwa barua ya kujieleza kwa nini asifutwe kazi. Alikuwa amebakisha miaka sita kustaafu, akiwa na wana wawili chuoni.

Barua ile niliiandika mimi. Mkubwa alitia sahihi, lakini maneno yalikuwa yangu, na niliyatafuta makali. Niliona aibu kwamba mtu wa likizo alikuwa ameifanya kazi yangu.

Alijibu kwa ukurasa mmoja, akiwaomba wakubwa wa Nairobi waje Rhonda wajionee kabla ya kumhukumu. Walikuja. Nakumbuka mmoja alipewa chai, akaangalia kwanza uso wa Bi. Chesang. Barua ikaondolewa kwenye faili, maombi ishirini na tisa yakapita, na tangu hapo hakuna ombi linalokataliwa hapa kabla ya afisa kufika na kuona.

Alijua ni nani aliyeiandika barua ile. Asubuhi iliyofuata alisimama mezani pangu na orodha ya ziara. "Mathenge, kesho tunaenda na wewe," alisema. "Uvae gambuti." Hakulitaja kamwe jambo lile, nami kwa uoga sikulitaja. Nilivaa gambuti, viatu vya mpira vya matopeni, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi niliyokuwa nikilipwa kwayo kwa miaka saba.

Bi. Chesang, wafanyakazi wote wanakushukuru, na wanakuombea afya, mvua ya wakati wake shambani, na wajukuu wenye kelele. Mimi nakuomba msamaha mbele yao, nikiwa nimechelewa miaka sita. Namshukuru Mungu kwamba unaondoka kwa umri wako, si kwa barua yangu.