Mama Upepo na Skrubu za Kona

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Upepo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuguzi. Akiwa darasa la tano, kimbunga kiling'oa paa la shule yao. Wenzake walishangilia likizo. Yeye alibaki akipekua mabati chini. Dada yake mkubwa akamfokea, "We mtoto, utakatwa! Unatafuta nini?"

"Natafuta lilianzia wapi kung'oka."

Jibu alilipata chuo kikuu, alikohitimu uhandisi mwaka 1975 na udaktari wa falsafa mwaka 1982: upepo mkali hulinyonya paa kwa juu, tena huanzia kwenye kona. Kwa miaka ishirini na tisa aliongoza maabara ya upepo, chumba kirefu chenye feni kubwa kuliko mlango, akivipuliza vijumba vya mbao hadi vivunjike. Tarehe 14 Agosti 1980 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, mtu mvumilivu aliyezoea kula sahani ikiwa mapajani, maana meza ilijaa vijumba.

Mwaka 1996 aligundua kosa, tena lake mwenyewe. Kipimo cha upepo alikiweka nyuma ya tangi la maji, likakikinga, namba zikatoka ndogo. Zahanati kumi na moja zilikuwa zimeshaezekwa kwa namba hizo. Wakubwa walimshauri anyamaze. Hakunyamaza, na hapo ndipo tunapojivunia zaidi. Alizunguka zote, akiwaambia mafundi ana kwa ana, "Nimekosea mimi. Kila kona tuongeze skrubu mara mbili."

Fundi mmoja alimjia juu: "Mama, kazi nimemaliza, leo unanirudisha juu kwa hesabu zako?"

"Ndiyo, baba. Ngazi nakushikia mimi."

Na kweli aliishika, siku nzima. Miezi mitano baadaye kimbunga kikapita. Zahanati zote kumi na moja zilijaa wagonjwa, na hakuna hata moja iliyopoteza paa.

Alianza kuugua figo mwaka 2019. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu sita na sisi ndugu zake. Yule fundi naye yupo hapa; ndiye aliyetengeneza jeneza hili. Jana tulimuuliza mbona kila kona ina skrubu mara mbili. Akajifuta macho, akasema, "Nyie hamumjui? Angekagua."

Alale kwa amani dada yetu. Kona zote zimekazwa.