Shangazi wa Chumba Namba Nne Anakabidhi Ufunguo

Ijumaa ya tarehe 29 mwezi huu, saa kumi alasiri, mshauri nasaha wa vijana katika hospitali yetu atakabidhi ufunguo wa Chumba Namba Nne. Atakuwa ametumikia miaka ishirini na saba na miezi mitatu. Jina lake kamili limo kwenye mafaili. Sisi wengine, kuanzia mganga mkuu hadi mlinzi wa getini, tunamwita Shangazi, naye huitika.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimekaa mapokezi miaka kumi na tisa, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni pake. Nakiri mapema kwamba ninachokijua ni kidogo. Kazi ya daktari wa mifupa inaonekana: mtu huingia na magongo, akatoka anatembea. Ya Shangazi hufanyika mlango ukiwa umefungwa, na katika miaka yote hiyo sijasikia kinywani mwake neno hata moja la mteja. Mimi ni mpenda habari, hilo halina siri. Nimejaribu kwa chai, nimejaribu kwa karanga, nimejaribu hata kwa kununa. Chai aliinywa, karanga akazitafuna, na kununa akaniachia mwenyewe.

Alianza akiwa muuguzi wa wodi. Huko aliona vijana wakiletwa kwa maumivu ya tumbo, kifua kubana na moyo kwenda mbio. Walipimwa kila kipimo, kisha wakarudishwa nyumbani na karatasi inayosema hawana ugonjwa. Yeye aliamini ugonjwa upo, ila hauonekani kwenye damu. Akaomba ruhusa, akaenda kusomea tiba ya wasiwasi na sonona, na aliporudi akapewa chumba kilichokuwa stoo ya mashuka.

Siku ya kwanza aliitoa meza nje. Alisema kijana hawezi kufunguka mbele ya mtu aliyejikinga kwa meza. Watu wa vifaa wakairudisha. Akaitoa. Wakairudisha. Mwezi ule meza ilisafiri kuliko gari letu la wagonjwa, mpaka wakachoka wao. Vikabaki viti viwili vya urefu sawa, vimewekwa mshazari, ili anayetaka kutazama dirishani atazame bila kuonekana hana adabu.

Kisa kimoja ninacho, nacho nakiandika kwa idhini ya mwenyewe. Wiki mbili zilizopita mwanamke mmoja, mpima ardhi wa miaka thelathini na miwili, alikuja mapokezi kuuliza kama ni kweli Shangazi anastaafu. Nilipomwambia ni kweli, alivuta kiti akanisimulia, akasema niandike bila jina.

Aliletwa hapa na mama yake akiwa na miaka kumi na saba. Alikuwa ameacha kwenda shule. Kila akikaribia darasa mikono ililowa jasho na pumzi ikakatika, na nyumbani alilala mchana kutwa akigeukia ukutani. Mama mtu alijibu kila swali kwa niaba yake, mpaka Shangazi alipomwomba kwa heshima asubiri nje. Walipobaki wawili, binti hakusema kitu. Wiki ya pili hivyo hivyo. Wiki saba alikaa anahesabu nondo za dirisha, na Shangazi hakumhubiria, hakumwambia ajikaze, hakumtajia wenzake waliofaulu. Kila Jumatano alimwambia maneno yale yale machache, kwamba yupo na muda ule ni wa binti. Kisha wakanyamaza pamoja.

Wiki ya nane binti alisema kwamba kila anapolala hutamani asiamke.

Hapo ndipo Shangazi alipokosea. Jambo la hatari kwa uhai halifichwi, na kila anayeingia chumba kile huelezwa hivyo siku ya kwanza. Ila siku ile alishikwa na hofu. Akatoka, akamwambia mama mtu pale koridoni kabla binti hajajua kwamba litasemwa. Binti alitoka akamkuta mama yake analia mbele za watu, akaelewa. Hakurudi tena.

Kumbe ndizo zile Jumatano ambazo mimi sikuzielewa. Nilikuwa nina foleni ya wateja wanaotaka nafasi, na Shangazi alinikataza kumpangia mtu saa kumi, saa ya binti yule. Alikaa peke yake, mlango wazi, saa nzima. Asubuhi za siku hizo, ninavyojua sasa, alimpigia simu mama mtu kuhakikisha kwamba binti haachwi peke yake, na kwamba dawa zote za nyumbani zimefungiwa.

Jumatano ya nne binti alikuja. Hakuja kutibiwa, alikuja kusema lake. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Nilikuamini, ukanisema."

Shangazi alisimama pia. "Kumwambia mama yako ilikuwa lazima, na ikibidi nitamwambia tena. Lakini kumwambia kabla wewe hujajua, hapo nilikukosea, mwanangu. Nisamehe."

Mpima ardhi aliniambia kwamba mpaka siku ile hakuna mtu mzima aliyewahi kumwomba msamaha. Aliingia akakaa, na kwa maoni yake tiba ilianzia hapo, si wiki nane za kabla. Mtu aliyekuumiza akakubali kwamba amekuumiza, alisema, huyo unaweza kumwambia mengine.

Ilichukua mwaka na nusu. Walianza kwa safari ya kufika geti la shule tu na kurudi. Kisha uwanjani. Kisha mlango wa darasa. Siku alizoshindwa, waliketi kuchunguza kilichotokea, kama fundi anayefungua saa, bila lawama. Alimaliza shule akiwa amechelewa mwaka mmoja. Hakuniambia kwamba amepona kabisa. Zipo asubuhi nzito hata leo, ila sasa anazijua zinavyokuja na zinavyoondoka.

Nilimwuliza kwa nini asije Ijumaa ayaseme haya ukumbini. Akatabasamu tu, nami nikaona aibu kwa swali langu.

Mkunga wetu alipostaafu, ukumbi ulijaa watoto aliowazalisha, wengine wakiwa na ndevu. Shangazi hawezi kumwalika hata mteja mmoja, maana kumwalika ni kumtangaza. Nilipomwomba majina ya wageni wake niandike kadi, alinipa mawili: kaka yake, na mama anayefagia korido yetu. Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita. Binti yake wa pekee anafanya kazi mbali, hupiga simu Jumapili. Mzee aliyemfundisha kazi hii, ambaye kila mwezi Shangazi alikwenda kwake kutua mizigo ya moyo, tulimzika mwaka juzi. Shangazi mwenyewe husema kwamba nyumbani hugombana na redio, na redio hushinda.

Jioni, mteja wa mwisho akishaondoka, yeye hubaki chumbani dakika ishirini hivi kabla ya kuchukua mkoba. Siku moja nilipita kufunga madirisha nikamkuta amekaa kwenye kiti cha wateja. Nilimwuliza kama yu mzima. Akasema anapumzika tu. Sikuwa na ujuzi wa kukaa kwenye kile kiti kingine, nikafunga dirisha nikaenda zangu. Hilo nalijutia, na naliandika hapa ili alisome.

Sasa nimalizie ya siku ile. Mpima ardhi alikuwa bado amekaa kwangu Shangazi alipotoka na faili mkononi. Alimwona, akainamisha macho, akataka kupita. Ndiyo desturi yake: mteja hamsalimu kwanza mahali popote, humwachia mwenyewe aamue kama wanajuana. Yule mwanamke akainuka.

"Shikamoo, Shangazi."

Shangazi alisimama pale pale. "Marahaba," akasema, kisha akasema tena, "marahaba, mama."

Mimi nikainama kutafuta karatasi ambayo haikupotea. Walizungumza kidogo, sikusikia, na kwa mara ya kwanza maishani sikujaribu kusikia. Mgeni alipoondoka, Shangazi alikuja akakaa kwenye benchi la mapokezi, faili magotini.

"Miaka kumi na tatu tunapishana sokoni," akasema.

Nami nilivuta kiti nikakaa karibu naye mpaka alipokuwa tayari kuondoka.

Shangazi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante kwa miaka yako, kwa meza uliyoitoa na kwa siri ulizobeba bila kuomba wa kukupokea. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na simu nyingi zisizongoja Jumapili. Kuanzia Jumamosi ya tarehe 30 huna tena mteja wa kumlinda njiani, kwa hiyo usiinamishe macho. Tukikuona, tutakusalimu sisi kwanza.