Wasifu wa Justa Ng'washi Mihayo, Aliyeishi kwa Muhuri wa Miezi Mitatu (1961–1998)

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Kisesa na ninyi mliotoka Mabatini, Mungu awabariki kwa kufika. Marehemu alikuwa mtu wa mbali kwa miaka mitano, na wengine wenu mlimwona kwa nadra. Kwa hiyo tuseme kidogo alikuwa nani.

Justa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa Kisesa, mtoto wa nne na kitinda mimba wa marehemu mzee Mihayo Kashindye na mama Wilhelmina. Alibatizwa Bujora akiwa na wiki mbili. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha akajifunza ushonaji kwa masista kwa miaka miwili.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini Mwanza. Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa takatifu na Pius Mayala, dereva wa malori ya pamba, na Machi 1988 Mungu akawajalia binti, Queen. Raha yao haikudumu. Pius alifariki kwa ajali karibu na Magu mwaka 1990. Miaka miwili baadaye kiwanda kikapunguza watu, na Justa akawa mmoja wao. Aliweka cherehani barazani Mabatini, lakini mitumba ilikuwa imejaa kila kona. Nani angekuja kushonesha gauni?

Julai 1993 alimwacha Queen kwa dada yake Suzana, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, akaenda Kisumu, Kenya, kushona sare za shule katika duka la mama mmoja aitwaye Aloo. Tuko mbele za Mungu, hatutaficha: alifanya kazi kwa muhuri wa mgeni wa miezi mitatu huku kibali cha kazi kikishughulikiwa, na jambo hilo lilimkosesha amani. Kila muhuri ulipokaribia kuisha alikuja mpakani Sirari, akagongewa kuingia kwetu, akagongewa kutoka, akarudi Kisumu siku hiyo hiyo. Suzana alimpeleka Queen huko kwa basi la alfajiri. Mama na mwana walikaa mgahawani kwa muda wa saa tatu hivi, basi. Safari ya kwanza Queen alimwamkia kama anavyoamkia wageni, "Shikamoo," kisha akarudi kusimama ubavuni kwa Suzana. Justa aliitikia marahaba, akageuza uso.

Pale mgahawani alimpima mtoto kwa utepe, akaenda kushona, na nguo ilipokuja baada ya miezi mitatu mikono ilikuwa mifupi.

"Dada, si nilikwambia umkataze kukua?" alimtania Suzana.

Baadaye alikata kwa kukisia, akimshonea mtoto kama atakavyokuwa miezi mitatu mbele. Hata ofisa wa dirishani alimzoea.

"Mama Queen, leo unaingia au unatoka?"

"Naingia nitoke, afande."

Aprili 1996 kibali kilipatikana, cha miaka miwili. Tuliimba, tukatoa sadaka ya shukrani. Hatukujua tulichokuwa tunashangilia. Ruhusa ya kuja Sirari alikuwa akipewa na mama Aloo kwa sababu ya muhuri tu. Sasa muhuri haukuhitajika, ikabaki likizo ya siku kumi za Krismasi. Julai ilipofika Queen alivaa viatu, akakaa mlangoni.

"Leo hatuendi, mwanangu. Mama amepata kibali."

"Kwa hiyo, mama mkubwa, hana haja ya kuja tena?"

Tangu siku ile, kwenye sala ya nyumbani, Queen aliongeza ombi lake: "Na Mungu amnyime mama kibali." Suzana alimkemea. Hakuacha.

Mwanzoni mwa 1998 Justa alianza kuvimba miguu. Madaktari wakasema ni figo. Aprili kibali kiliisha. Pasi yake ya kusafiria ilikaa ofisi ya uhamiaji miezi minne ikisubiri jibu, naye asiweze kusafiri, akaugulia katika chumba cha kupanga peke yake. Jibu likaja: kibali hakitaongezwa. Alifika nyumbani tarehe 29 Agosti. Queen alipoona mama yake alivyokonda alikimbilia nyuma ya jiko. Alipoletwa, alisema, "Ni mimi, mama. Nilikuombea unyimwe."

Justa alimvuta kitandani. "Njoo hapa. Hata mimi niliomba hivyo hivyo. Tena nilianza kabla yako."

Alipewa mpako wa wagonjwa, akafariki Jumamosi tarehe 14 Novemba 1998, saa nne asubuhi, Queen akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mama mzazi, kaka wawili, dada yake Suzana, na binti mmoja, Queen, wa darasa la tatu. Queen ameomba tuandike humu kwamba mama yake alikaa naye wiki kumi na moja kamili. Amezihesabu mwenyewe.

Pumzika, Justa. Bwana akupe amani yake.