Nawa Mikono Kwanza

Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waingie Bariadi, kijiwe cha kahawa cha Hamimu hakikosi jipya la kuhukumu. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa kompyuta ya Nyanjige, marehemu mke wa Ngeleja, iliyofungiwa kwenye steshenari yake ng'ambo ya barabara tangu matanga yaishe. Hata kabla ya msiba ilikuwa imeanza kugoma kuchapa. Diski ya marekebisho ya Linux, programu inayoiendesha mashine hiyo, ilikuwa njiani kwa basi la Mwanza, na Ngeleja hakuwa ameamua kama ataitia. Ukiiwasha mashine ile, kwanza hutokea maneno aliyoyaandika Nyanjige mwenyewe: "Nawa mikono kwanza." Ngeleja aliogopa kuyapoteza.

— Usitie, alisema Mahona, waliyemwita Jineri kwa kuwa ujana wake wote uliishia kiwanda cha pamba. Mwekezaji wetu alikuja kurekebisha mkanda mmoja. Akabadilisha mashine, akabadilisha geti, mwisho akatubadilisha sisi. Mgeni njoo, mwenyeji atoke!

— Methali umeipanda kinyumenyume, Jineri, utaanguka, alisema Saidi Spea, fundi baiskeli. Pancha unaziba, fremu huigusi. Na Linux ndivyo. Au siyo, Mzee Ngeleja?

Ngeleja alizungusha kikombe chake.

— Ndivyo alivyonieleza marehemu. Toleo linabaki lilelile mpaka muda wake uishe. Kosa likionekana, mafundi wanachukua dawa iliyotengenezwa kwa toleo jipya linaloandaliwa, wanaipima, wanaishona kwenye la zamani. Mengine hayaguswi.

— Haa! Dawa ya ndama inamponya ng'ombe mama! alisema Jineri.

— Na ndama mwenyewe hajazaliwa, Spea akazidisha. Wanamchungulia tumboni!

— Mafundi wenyewe wa wapi? aliuliza Jineri.

— Kila mahali, alijibu Ngeleja. Mmoja Brazili, mwingine Japani. Hata sura hawajuani.

— Na wanaelewana? Sisi wa ukoo mmoja tumeshindwa kugawana fahali!

— Nasikia wanafungwa vitambaa machoni, alisema Hamimu akimimina, wasije wakagusa kisichowahusu.

Jineri hakucheka.

— Hao ndio wangepewa kiwanda chetu, alisema. Leo ningekuwa kazini.

Ngeleja alitazama ule mlango wa ng'ambo. Maelezo ya mkewe aliyaelewa tangu siku alipompa. Mkono ndio uliokataa.

Basi likapiga honi. Kondakta akaja mbio na bahasha.

— Mwangaluka, wazee! Mzigo wa steshenari huu. Yule mama anayenipokeaga na kahawa, leo yuko wapi?

Jineri akatazama miguu yake. Spea akashika gurudumu lisilo na tatizo lolote. Hamimu akatikisa birika. Kilibaki kikombe kimoja.

— Mmiminie kondakta, alisema Ngeleja, akaipokea bahasha.

Kisha akaliendea pipa la maji la Hamimu, akanawa mikono taratibu, akaikausha kwa kitambaa chake, akavuka barabara kwenda kufungua mlango.