Mzee Badru Mkumba na Taa Isiyofungiwa Ndani

Ijumaa, 28 Juni 2024. Ikwiriri imeamka na ukungu mwepesi, na kufikia saa tatu asubuhi jua lilikuwa limeshawaka. Ni hali ya hewa aipendayo Mzee Badru Mkumba, ambaye Jumapili hii, tarehe 30, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika ghala la chama chetu cha wakulima.

Alianza mwaka 1995 akiwa mbeba magunia, akapanda hadi mtunza ghala. Ufuta wetu haukuwahi kunyeshewa mikononi mwake. Kanuni yake ilikuwa moja: kila kitu kinaingia ndani, mlango unafungwa. Mizani, turubai, ndoo, hata ufagio. Mkaguzi mmoja aliacha kofia dirishani akaenda kula. Aliporudi, kofia ilikuwa imeshafungiwa, na Mzee Badru yuko msikitini na funguo.

Kanuni hiyo nusura iharibu shughuli ya bintiye. Mwaka 2019, Yasmin akikaribia kuolewa, mzee alinunua taa ya sola ya uani kwake Mahege, ili wanawake wapike pilau penye mwanga. Mkewe, Bi Mwanajuma, alitaka jenereta la kukodi. Jioni ya kwanza taa iliwaka vizuri, ya pili ikafifia, ya tatu ikazimika kabla ya Isha. Bi Mwanajuma akatoa hukumu: "Baba Yasmin, nakupa mpaka Alhamisi. Ikishindikana, utasimama wewe katikati ya uwanja ung'ae."

Kumbe kila alfajiri, kabla ya kuja kazini, mzee aliishusha taa, akaifuta umande na kuifungia chumbani, jua lisije likaiharibu! Jumatano tulikuwa na mnada. Akachelewa kuamka, akatoka mbio, taa akaisahau nje, ikashinda juani ikijichaji. Aliporudi jioni, uani palikuwa peupe, majirani wanachambua mchele wa shughuli. Bi Mwanajuma alimwambia tu kwamba taa inaomba mnada uwe kila siku.

Pilau likapikwa bila jenereta: hakuna petroli ya kununua, hakuna moshi wala ngurumo, na maulidi yakasikika mpaka nyumba ya mwisho. Tangu hapo mafuta ya taa hayakuingia tena nyumbani kwake. Pesa za mafuta hayo zikawa za sukari na madaftari ya wajukuu. Betri za tochi zilizokuwa zikitupwa kwenye mchicha zimekwisha. Majirani waliomcheka wakafuata mmoja mmoja, na siku hizi mtaani kwake ufuta unapepetwa jioni, jua likishapoa, na nyoka anaonekana kabla hajakanyagwa.

Leo amemkabidhi funguo mrithi wake, Twalibu. Wakazunguka ghala zima, kisha akamsimamisha mlangoni, chini ya taa ya sola aliyotuomba tuiweke pale badala ya kumpa zawadi ya kuagwa. Akamwagiza: "Kila kitu ndani, mwanangu, isipokuwa hii."

Mzee Badru, ahsante kwa mikono yako na kwa vicheko vyote. Mungu akupe afya njema, wajukuu wa kukuchosha, na jua la kutosha kila siku.

Nimeandika haya kibarazani kwangu, chini ya taa kama yake. Sasa ni saa nne na robo usiku. Taa naiacha nje, mimi naingia kulala.